Sayyid Ahmad bin Sumayt: Kadhi aliyeyapima maneno ya elimu

SIFA njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunamkumbuka mwanachuoni ambaye jina lake halijasahauliwa Unguja, Lamu wala Ngazija. Huku kwetu bara, katika nchi ya pamba, wengi wamelisikia jina hilo likitajwa tu katika silsila za masheikh, bila ya kujua mwenye jina alifanya kazi gani. Naye ni Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumayt, aliyekuwa kadhi wa Unguja kwa karibu miaka arobaini, akafariki mwaka 1925.

Nimemchagua kwa sababu moja. Miongoni mwa vitabu alivyoviacha kimo kimoja ambacho hakifundishi namna ya kuswali, wala kufunga, wala kuoa. Kinahusu maneno. Kinaeleza yale matamko ambayo wanavyuoni huyatumia wanapotaka kumjulisha msomaji kwamba jambo hili wanaliona hivi, lakini wako wengine wasioliona hivyo, na kwamba baina ya rai hizo mbili umbali ni mkubwa au ni mdogo. Kitabu hicho kinaitwa al-Ibtihaj fi Bayan Istilah al-Minhaj. Kwa maoni yangu, kitabu hicho kinatuhusu sisi wa zama hizi pengine kuliko kilivyowahusu watu wa zama zake, kwani wao walikuwa wakiyajua maneno hayo, nasi tunakaribia kuyasahau.

Sayyid Ahmad alizaliwa Itsandra, katika kisiwa cha Ngazija, mwaka 1277 Hijria, sawa na mwaka 1861. Baba yake alikuwa mtu wa Shibam, Hadhramaut, katika Masharifu wa Alawi, ambao kwa karne nyingi walisambaa katika mwambao wote wa Bahari ya Hindi, tangu Malabar na Java hadi Lamu na Ngazija, mkono mmoja ukishika mizani ya biashara na wa pili ukishika kitabu. Sayyid Ahmad naye aliifuata bahari katika ujana wake, akasafiri na vyombo kwa biashara kabla ya kukaa kitako na kuwa mtu wa hukumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikwenda Hadhramaut, kwenye asili ya wazee wake, akasoma kwa wanavyuoni wakubwa wa huko.

Aliporudi, Sultan Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alimweka kuwa kadhi. Alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Kazi hiyo haikudumu. Kulitokea kutoelewana baina yake na Sultan, naye akauacha ukadhi na mji pia. Akasafiri hadi Istanbul, makao makuu ya dola ya Uthmania, akapokewa na Sayyid Fadhl bin Alawi, Sharifu wa asili ya Malabar ambaye Waingereza walimtoa kwao mwaka 1852 na ambaye wakati huo alikuwa na heshima kubwa mbele ya Sultan Abdulhamid wa Pili. Huko Sayyid Ahmad alitunukiwa nishani ya dola. Baada ya hapo alipita Misri na Hijaz, akafika hadi nchi za Bara Hindi na Java, kila alipopita akikutana na wanavyuoni na kuchukua elimu.

Sehemu hii ya maisha yake naitaja kwa makusudi. Wako watu wanaodhani kwamba mwanachuoni anayesema kwa lugha ya upole, anayetanguliza huenda na yamkini, basi ni mwoga anayewaogopa wakubwa. Mtu aliyeacha cheo cha Sultan akiwa kijana na kuingia baharini hawezi kuhesabiwa hivyo. Ulaini wa maneno yake, kama tutakavyoona, ulikuwa na asili nyingine kabisa.

Sayyid Barghash alifariki mwezi Machi 1888. Mwaka huohuo Sayyid Ahmad alirejea Unguja, akarudishwa katika ukadhi, akabaki humo hadi kufa kwake. Tuupime muda huo kwa mambo yaliyotokea. Mwaka 1890 Unguja iliingia chini ya himaya ya Uingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliishambulia kasri ya Sultan kwa mizinga, na vita vikamalizika kabla ya saa moja kutimia. Mwaka 1897 ilitoka amri ya kuiondoa hali ya utumwa kisheria. Masultani walikufa, wakaondoshwa, wakaja wengine, hadi Sayyid Khalifa bin Haroub aliyekalia kiti mwaka 1911. Katika mabadiliko yote hayo kadhi wa Kishafii alikuwa ni yeye.

Wala haukuwa mji wa madhehebu moja. Sultan na jamaa zake walikuwa Waibadhi, nao walikuwa na makadhi wao. Wenyeji wengi, pamoja na watu wa Ngazija na Hadhramaut, walikuwa Washafii. Miongoni mwa Wahindi walikuwamo Masunni wa Kihanafi na Mashia wa namna mbalimbali. Juu ya wote hao alikuwapo Mwingereza na majaji wake, waliotaka kujua sheria ya Kiislamu inasema nini ili waandike kwenye majalada yao. Katika mji kama huo, kadhi anayetamka neno moja kwa ukali usiohitajiwa huwasha moto ambao hataweza kuuzima. Hata hivyo kadhi asiyesema lolote hana faida. Watu wanataka hukumu, na mirathi haiwezi kungoja.

Hapa ndipo tunapofika kwenye Minhaj. Kitabu cha Minhaj at-Talibin ni cha Imam an-Nawawi, aliyezaliwa katika kijiji cha Nawa, nchi ya Sham, mwaka 631 Hijria (1233), akafariki mwaka 676 (1277) bila ya kufikia umri wa miaka hamsini. Ni muhtasari wa kitabu cha Imam ar-Rafi'i kiitwacho al-Muharrar, na baada yake Washafii wa dunia nzima, tangu Misri na Yemen hadi Java na mwambao wetu, wamekitegemea katika kusomesha na kuhukumu. Sharhe zake ni nyingi. Zilizo mashuhuri zaidi katika kutolea fatwa ni Tuhfa ya Ibn Hajar na Nihaya ya ar-Ramli, na watu wa Hadhramaut na wanafunzi wao wa pwani aghalabu hutanguliza Tuhfa.

Katika utangulizi wa kitabu hicho Imam an-Nawawi alifanya jambo ambalo waandishi wachache walilitangulia kwa mpango kama ule. Aliweka ahadi na msomaji kuhusu maneno yake. Alieleza kwamba akitumia neno al-adhhar, yaani lililo dhahiri zaidi, basi msomaji ajue kwamba Imam ash-Shafii mwenyewe ana kauli mbili au zaidi katika suala hilo, na kwamba ile kauli isiyochaguliwa nayo ina nguvu. Akitumia al-mash-hur, mashuhuri, basi kauli pia ni za Imam, lakini ile ya pili ni dhaifu. Akisema al-asahh, lililo sahihi zaidi, hitilafu hiyo si ya Imam bali ni ya wanafunzi wa madhehebu yake waliokuja baadaye, nayo ni hitilafu yenye nguvu. Na akisema as-sahih, hitilafu ni ya hao hao, lakini rai ya upande wa pili haina uzito. Akisema qila, yaani imesemwa, msomaji afahamu kwamba hiyo ni rai dhaifu, inatajwa ili ijulikane. Yako na mengine: an-nass, al-madh-hab, al-jadid, al-qadim. Kila moja lina mahali pake.

Kazi ya Sayyid Ahmad katika al-Ibtihaj ilikuwa kuyafafanua maneno haya kwa mwanafunzi, ili asije akayapita kama mtu anayepita alama za njiani bila ya kuzitazama.

Nitoe mfano mmoja, maana bila mfano jambo hili litabaki hewani. Katika mlango wa mambo yanayotengua udhu, Imam an-Nawawi anataja kugusana ngozi kwa mwanamume na mwanamke. Kisha anamtoa maharimu, kama mama au dada, kwamba kumgusa hakutengui, na hapo anaweka neno al-adhhar. Mistari hiyohiyo inaendelea: aliyeguswa ni sawa na aliyegusa, na hapo pia ameweka al-adhhar. Halafu anasema kuwa mtoto mdogo, unywele, jino na ukucha havitengui, na hapa neno limebadilika, ni al-asahh. Mtu asiyejua ataona hukumu tatu zilizo sawa. Lakini anayejua ataona kwamba katika masuala mawili ya mwanzo Imam ash-Shafii mwenyewe ana kauli nyingine, na kwamba Mshafii mwenziwe akiifuata hakutoka nje ya maneno ya Imam. Katika suala la tatu ataona kuwa mjadala ni wa watu waliokuja baada ya Imam. Neno moja dogo limembebea habari za karne nne.

Na humo mna adabu ambayo hunishangaza kila ninapoisomesha. Wenye kuisharehe Minhaj wameuliza kwa nini Imam an-Nawawi hakutumia neno sahihi katika kauli za Imam ash-Shafii, akalitumia katika rai za wanafunzi wake tu. Wakajibu kwamba kinyume cha sahihi ni fasidi, na haikumpendeza kutumia tamko linaloashiria kwamba kauli aliyoisema Imam, hata ile iliyoachwa, ni fasidi. Akachagua dhahiri zaidi na mashuhuri, maneno ambayo kinyume chake si tusi kwa yeyote. Huku ndiko kutofautiana na mkubwa wako bila ya kumvunjia heshima, nako kumewekwa ndani ya istilahi ya kitabu, wala hakukuachwa kwa hisani ya mwenye kusoma.

Ikumbukwe pia kwamba Imam ash-Shafii, aliyefariki Misri mwaka 204 Hijria (820), alikuwa na madhehebu ya kale aliyoyatoa Iraq na madhehebu mapya aliyoyatoa Misri. Alibadilisha rai katika mambo mengi, na wanafunzi wake hawakuona haya kuyaandika yote mawili. Neno al-jadid katika Minhaj ni ushahidi, kila linapotajwa, kwamba Imam wa madhehebu yetu alisema jambo, kisha akaliangalia upya, kisha akasema jingine.

Kiswahili chetu kilirithi msamiati huu kutoka kwa wanavyuoni, ingawa sokoni umechakaa. Tunasema yakini, tunasema dhana, tunasema shaka. Katika elimu ya usuli maneno hayo yana daraja. Yakini ni ujuzi usiobakisha upande wa pili. Dhana ni pale upande mmoja unapozidi nguvu huku wa pili ukiwa bado unawezekana. Shaka ni pale pande mbili zinapolingana. Leo mtu akisema nadhani, msikilizaji hufikiri kwamba hajui, au kwamba anafanya adabu tu. Kwa mwanachuoni, kusema nadhani ni kusema kwamba nimechunguza, nimeuona upande huu una nguvu zaidi, na sijaufunga mlango wa upande mwingine. Ni tamko la mtu aliyefanya kazi. Na sehemu kubwa ya masuala ya fikihi, kama wanavyokubali wanavyuoni wenyewe, imejengwa juu ya dhana ya namna hii. Ndiyo maana fatwa zao humalizikia na kumrejeshea elimu Mwenyezi Mungu.

Wala nisieleweke vibaya. Katika wajibu wa swala tano hakuna al-adhhar. Hakuna qila katika uharamu wa zina au ulevi. Imam an-Nawawi hakuweka neno la hitilafu pasipo na hitilafu, na anayesema huenda katika jambo lililo yakini amekosea sawasawa na yule anayesema yakini katika jambo la huenda. Kipimo ni kimoja kwa pande zote mbili.

Imam an-Nawawi aliipeleka amana hii hadi kwenye Hadithi. Katika utangulizi wa kitabu chake kikubwa, al-Majmu', ameeleza kuwa wahakiki wa elimu ya Hadithi hawakubali mtu ainukuu Hadithi dhaifu kwa kusema Mtume (S.A.W.) amesema. Aseme imepokewa, au imenukuliwa. Akawalaumu wengi, wakiwemo mafakihi, wanaolipuuza jambo hili. Msomaji atazame mimbari zetu, na siku hizi ujumbe unaozunguka katika simu za watu kila Ijumaa asubuhi, ahesabu ni mara ngapi atasikia imepokewa.

Turudi Unguja. Mwaka 1914 Minhaj ilitolewa kwa Kiingereza na E. C. Howard. Hakuifasiri kutoka katika Kiarabu, bali kutoka katika tafsiri ya Kifaransa ya van den Berg, iliyochapishwa Batavia baina ya 1882 na 1884. Kitabu hicho kikawa mikononi mwa majaji wa Kiingereza katika mahakama za Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi baadaye kilitajwa humo kama ndiyo sheria ya Kishafii. Sina nia ya kuwashutumu wafasiri. Kazi yao ilikuwa ngumu. Lakini fikiria jaji aliyelelewa katika sheria zilizoandikwa vifungu kwa vifungu, anasoma kitabu kilichopita lugha mbili kabla ya kumfikia. Kwake kila sentensi ni kifungu. Lile neno dogo linalomwambia kwamba hapa Imam ana kauli mbili, pale wanafunzi walishindana, kwake linakuwa pambo. Hukumu iliyokuwa na milango miwili inakuwa na ukuta.

Katika zama hizohizo mjini Unguja alikuwapo kadhi ambaye alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu maneno hayo madogo. Sidai kwamba aliwaandikia majaji. Aliandika kwa Kiarabu, kwa ajili ya wanafunzi. Lakini hainielekei kwamba mtu aliyeshinda barazani na mahakamani miaka yote hiyo, akiona kesi za watu zikiamuliwa kwa tamko la kitabu, angejishughulisha na istilahi kwa ajili ya kupamba rafu. Inaonekana, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba alijua kinachopotea neno likipotea.

Kinachopotea ni haki ya mtu. Nami naandika haya nikiwa Somanda, katika mji wa Bariadi, mahali ambapo pengine Sayyid Ahmad hakupata kupasikia, na nitatoa suala ambalo hunifikia hapa mara kwa mara. Katika nchi yetu ya Usukuma, nyumba moja aghalabu huwa na Mwislamu, na Mkristo, na mzee anayeshika mila za wahenga. Kijana amesilimu. Mama yake hakusilimu. Mama anafariki, msiba uko nyumbani, ndugu wamekusanyika chini ya mti, wanamngoja mtoto wa kwanza. Kijana anauliza msikitini, na mwenzake aliyemtangulia kusilimu kwa miaka miwili anamjibu kwa neno moja: haramu. Kijana anabaki chumbani kwake. Mama anazikwa. Ndugu hawasemi kitu siku ile, lakini miaka kumi baadaye bado hawajamwita katika jambo lolote, na Uislamu katika ukoo ule umepata jina baya ambalo hakuna mawaidha yatakayoliondoa.

Je, Minhaj inasemaje? Katika mlango wa jeneza, Imam an-Nawawi ameandika kwa tamko fupi kuwa hapana ubaya Mwislamu kulifuata jeneza la jamaa yake asiyekuwa Mwislamu. Na neno hapana ubaya, ndugu msomaji, nalo lina uzito wake. Hakusema ni wajibu, wala hakusema ni sunna iliyotiliwa mkazo. Hakumsukuma mtu. Amemwondolea dhiki tu, akamwachia nafasi. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wameruhusu vilevile kumuosha jamaa huyo na kumzika, na imepokewa, katika Hadithi ambayo isnadi yake imezungumzwa, kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Sayyidna Ali amzike baba yake, Abu Talib. Kinachokatazwa kwa yakini ni kumswalia swala ya jeneza na kumwombea maghufira. Kwa hiyo lipo lililofungwa na lipo lililo wazi, na kijana wetu alifungiwa yote mawili kwa neno moja, na mtu ambaye hakuwa amefungua kitabu.

Yule aliyemjibu hakukusudia shari. Alikuwa na ghera ya dini, nayo ni sifa njema. Lakini hakuwa na istilahi. Mfukoni mwake mlikuwa na maneno mawili tu, halali na haramu. Hakuwa na hapana ubaya. Hakuwa na lililo dhahiri zaidi, wala imesemwa, wala ngoja nikuulizie. Anayetaka kuielewa kazi ya Sayyid Ahmad na aipime kwa msiba ule.

Basi ilikuwaje darasa la mwanachuoni wa namna hii? Tunaweza kulitambua kwa waliotoka humo. Rafiki yake wa karibu na mwenzake katika elimu alikuwa Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, mzaliwa wa Lamu, mwenye madrasa mashuhuri ya Ukutani, mjini Unguja. Sheikh Bakathir alimchukulia Sayyid Ahmad kuwa ndiye sheikh wake ijapokuwa umri wao ulikaribiana sana, na kwa mashauri yake alikwenda Hadhramaut kusoma. Mwaka 1913 Sheikh Bakathir alisafiri mpaka Cape Town, katika ncha ya kusini ya bara letu, kwenda kusuluhisha baina ya Waislamu wa huko waliokuwa wamegawanyika. Watu hawamtoi msuluhishi umbali huo isipokuwa wamejua kwamba ulimi wake unapoza.

Miongoni mwa waliosoma kwa Sayyid Ahmad alikuwamo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye mwaka 1930 alianzisha Sahifa, na mwaka 1932 al-Islah, kisha mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Huyu alikuwa mtu wa islahi, mwenye kalamu kali dhidi ya mambo mengi ambayo masheikh wengine wa pwani waliyazoea na kuyapenda. Alikuwamo Sheikh Burhan bin Muhammad Mkelle, mshairi na mwalimu wa lugha ya Kiarabu. Na alikuwamo mwanawe mwenyewe, Sayyid Umar bin Ahmad, aliyeshika njia ya baba na babu katika tarika ya Alawi. Watu hawa hawakuwa na rai moja. Baadhi ya waliyoyapigia kelele mmoja, mwingine aliyahifadhi. Lakini wote walimnasibia elimu yao mzee mmoja, na hakuna aliyesema kwamba mwenzake hakusoma. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye mwaka 1972 alitoa kitabu chake kuhusu wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, alikuwa mwenyewe mtu wa islahi asiyeficha rai zake, na pamoja na hayo alimpa Sayyid Ahmad mahali pa juu kabisa katika kitabu hicho.

Vitabu vingine vya Sayyid Ahmad ni pamoja na Manhal al-Wurrad na Tuhfat al-Labib, sharhe za mashairi ya wazee wa Hadhramaut, vyenye adabu ya nafsi na tasawwuf. Sitavizungumza leo. Vina wasomaji wake, na vinahitaji ukurasa wao.

Mwaka 1925, sawa na 1343 Hijria, ulikuwa mwaka mzito kwa Unguja. Sheikh Abdallah Bakathir alitangulia. Sayyid Ahmad alimfuata mwezi wa Shawwal, Mei 1925, kabla mji haujaondoa tanga la kwanza katika nyoyo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne kwa hesabu ya kizungu. Mwanawe, Sayyid Umar, alikuja kushika ukadhi wa Unguja baadaye, kisha akarejea Ngazija, akafariki huko mwaka 1976.

Ama al-Ibtihaj, bado kinasomwa. Katika baadhi ya machapisho ya zama zetu kimetiwa pamoja na vitabu vya Minhaj, mwanzoni, mahali ambapo mwanafunzi hawezi kukikwepa kabla ya kufika kwenye mlango wa tohara. Wanafunzi wa Yemen, Misri na Indonesia wanakisoma, wengi wao bila ya kujua kwamba mwenye kukitunga alizaliwa Ngazija na alikaa na kuhukumu Unguja. Mwenyezi Mungu amrehemu, aipanue kaburi yake, na atunufaishe kwa elimu yake. Amin.